Mnara wa Siloamu na Kazi za Mikono Yetu

Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C
Masomo: Kut 3:1-8, 13-15, 1 Kor 10:1-6, 10-12, Lk 13:1-9



Tunawasalimu ninyi nyote mnaotusikiliza asubuhi hii ya Dominika: ninyi mnaojiandaa kwenda kanisani, ninyi wagonjwa mlio vitandani, na kwa namna ya pekee ninyi ambao kazi haikuwapa nafasi ya kupumzika leo, yaani walinzi, wauguzi, madereva, mabaharia na wote walio zamu. Leo tunataka kutafakari pamoja nanyi juu ya kazi, na juu ya uhai wa mtu awapo kazini.

Katika Injili ya leo watu wanamletea Yesu habari ya kutisha. Pilato amewaua Wagalilaya walipokuwa wakitoa sadaka zao. Yesu anaisikiliza habari hiyo, kisha anaongeza nyingine ambayo bila shaka kila mkazi wa Yerusalemu aliijua: mnara ulianguka huko Siloamu, ukawaua watu 18. Mtakatifu Luka hatuelezi zaidi. Hatuambii mnara huo ulijengwa na nani, wala kama waliokufa walikuwa mafundi, vibarua au wapita njia. Anatuachia idadi na mahali tu. Nasi tumezoea kusikia habari za namna hiyo redioni: mahali fulani, watu kadhaa. Kisha tunasikitika, tunaendelea na chakula chetu.

Watu wa wakati ule walitaka kujua jambo moja: marehemu wale walikuwa wametenda dhambi gani? Yesu anakataa swali hilo mara mbili. Wale 18 hawakuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Lakini hatuachi hapo. Anawageukia wasikilizaji wake waliosimama mbele yake wazima, miguu yao ikiwa imara juu ya ardhi, anawaambia wao ndio wanaopaswa kutubu. Ndugu wapenzi, hebu tulishike neno hili vizuri, kwa kuwa mahubiri yetu yote ya leo yanatoka humo. Mnara unapoanguka, Bwana hatupi ruhusa ya kuwahukumu waliolala chini ya kifusi. Wala hatupi ruhusa sisi tuliobaki kuendelea kama tulivyokuwa.

Mwaka 2013 Injili hii ilisomwa makanisani tarehe 3 Machi. Siku 26 baadaye, tarehe 29 Machi, ilikuwa Ijumaa Kuu. Asubuhi ya siku hiyo, katikati ya jiji la Dar es Salaam, katika Mtaa wa Indira Gandhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado likijengwa lilianguka. Watu 36 walifariki dunia. Wengi wetu tulikuwa tukijiandaa kwa Njia ya Msalaba, na tulipofika kanisani tulikuta watu wakinong'onezana habari hiyo. Tulipokea tena mnara wa Siloamu, safari hii katika mji wetu wenyewe.

Zikapita siku nyingine 26. Tarehe 24 Aprili mwaka ule ule, huko Savar, karibu na jiji la Dhaka nchini Bangladesh, likaanguka jengo la ghorofa 8 lililoitwa Rana Plaza. Ghorofa za chini zilikuwa na maduka na tawi la benki. Ghorofa za juu zilikuwa na viwanda vya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Waliokufa walizidi 1,100, wengi wao wanawake vijana waliokuwa wameketi mbele ya cherehani.

Tunaomba mlisikilize tukio hili kwa makini, maana lina somo ambalo halipatikani kila mahali. Tarehe 23 Aprili, yaani siku moja kabla, nyufa kubwa zilionekana katika kuta za jengo lile. Watu walitolewa nje, na mhandisi aliyeitwa kuzitazama alisema jengo halifai kukaliwa. Kesho yake wafanyakazi wa benki hawakuingia, kwa kuwa wakubwa wao waliwaambia wabaki nyumbani. Washonaji waliambiwa waingie. Wengi waliogopa kupoteza mshahara wao, wakapanda ngazi. Umeme ulipokatika, jenereta kubwa zilizokuwa ghorofa za juu ziliwashwa, na baada ya muda mfupi jengo zima likashuka.

Wapendwa, benki na viwanda vilikuwa ndani ya jengo moja, na nyufa zile zilikuwa zimeonekana na wote. Tofauti ilikuwa katika mioyo ya walioamua. Huku mtu alisema, "Uhai wa watu wetu kwanza." Kule mtu alisema, "Mzigo usichelewe." Hayo maneno mawili ndiyo yaliyopanga nani arudi nyumbani jioni na nani asirudi.

Sasa turudi kwenye Injili. Mara baada ya kuzungumza juu ya mnara, Yesu anatoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba amekuja kutafuta matunda miaka mitatu, hakupata kitu, anataka mti ukatwe. Mtunza shamba anaomba auachie mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia mbolea. Kwa nini Mtakatifu Luka ameuweka mfano huu pamoja na habari za mnara? Kwa sababu yote mawili yanahusu muda wa toba. Mungu mwenye huruma hutupa muda kati ya kosa na maangamizi. Huko Savar, kati ya ufa na anguko, palikuwa na usiku mmoja mzima. Usiku ule ulikuwa mwaka wa nyongeza wa mtini. Benki iliutumia. Wengine hawakuutumia.

Hilo ndilo tunalotaka mlichukue leo. Ajali nyingi za kazini hazitokei ghafla kama tunavyodhani. Huanza kidogo kidogo ndani ya moyo: katika dharau, katika haraka, katika ukimya. Kisha huonekana nje kama ufa, kama kamba iliyochakaa, kama breki inayolia. Ufa ule ni wito wa toba. Wahenga wetu walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta. Nasi kwa uchungu tunaongeza kwamba asiyeziba ufa huenda akachimba kaburi.

Basi tujiulize, ni tabia zipi za moyo zinazotuletea maafa kazini? Masomo ya leo yanatusaidia kuzitambua nne.

Ya kwanza ni mazoea. Mtakatifu Paulo, katika somo la pili, anawakumbusha Wakorintho habari za baba zao jangwani. Wote walikuwa chini ya wingu, wote walivuka bahari, wote walikula chakula kile kile cha kiroho, na hata hivyo wengi wao walianguka. Ndiyo maana anamwonya kila anayejiona amesimama imara, ajihadhari asije akaanguka. Maneno haya yanafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila karakana. Anayeanza kazi huogopa mashine, kwa hiyo hujihadhari. Aliyeifanya kazi miaka 20 hutoa kifuniko cha msumeno kwa kuwa kinamchelewesha. Fundi umeme hugusa waya bila kuzima swichi kuu, akijivunia kwamba mikono yake imezoea. Mkulima anayenyunyiza dawa ya wadudu hana barakoa wala glavu, na bomba likiziba huliweka mdomoni alipulize. Dereva husema barabara hii anaijua hata akifumba macho. Ndugu wapenzi, hatari haihesabu miaka yetu ya kazi. Kutoumia jana ni neema ya kushukuriwa. Kuigeuza neema hiyo kuwa kiburi ndilo kosa la wale wa jangwani.

Tabia ya pili ni haraka, na mama yake haraka ni tamaa. Haraka haraka haina baraka, tumefundishwa hivyo tangu utoto, lakini fedha ikionekana tunasahau. Meli ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo. Nahodha yuko kazini, baharia yuko kazini, karani wa tiketi yuko kazini, na mpakia mizigo vivyo hivyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria ikikaribia Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa lile lile. Katika safari zote mbili chombo kilikuwa kimebeba kupita uwezo wake, na kati ya misiba hiyo miwili ilipita miaka 22. Abiria wa ziada hapandi kwa mkupuo mmoja. Hupanda mmoja mmoja, na kila mmoja huwa na mtu aliyemruhusu akisema moyoni, "Huyu mmoja hawezi kuzamisha meli." Mtenda kazi hupotea kwa hatua ndogo za namna hiyo. Saruji hupunguzwa ndoo moja, nondo hupunguzwa moja, ukaguzi husogezwa wiki moja. Bwana alitufundisha kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Kinyume chake ni kweli vilevile.

Tabia ya tatu ni woga na ukimya. Katika somo la kwanza tumesikia Mungu akimwambia Musa kwamba ameyaona mateso ya watu wake kule Misri, na amekisikia kilio chao kwa sababu ya wasimamizi wao. Hebu tazameni, wapendwa. Watu wale walikuwa watengeneza matofali na wajenzi. Kilio cha kwanza ambacho Mungu anashuka kukijibu katika kitabu cha Kutoka ni kilio cha wafanyakazi juu ya hali ya kazi yao. Basi ikiwa Mungu mwenyewe anasikiliza, sisi ni nani tuzibe masikio? Mara ngapi kibarua amesema ngazi imeoza, akaitwa mvivu? Mara ngapi mchimbaji mdogo amesema udongo wa juu unadondoka, akaambiwa aondoke kwa kuwa wenye shida ya kazi ni wengi? Mtu akijibiwa hivyo mara moja, mara ya pili atanyamaza, na wenzake watajifunza kunyamaza. Hapo hatari haipungui. Inakosa tu mtu wa kuitaja.

Kwenu ninyi wenye amri juu ya wenzenu, wakubwa wa viwanda, wakandarasi, wasimamizi wa mashamba, na hata ninyi kina mama na kina baba wenye mtumishi mmoja nyumbani, Kanisa limesema nanyi waziwazi. Papa Leo wa Kumi na Tatu alitetea heshima ya wafanyakazi katika waraka wake wa mwaka 1891, Rerum Novarum. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitaja miongoni mwa haki za wafanyakazi haki ya kufanya kazi mahali pasipodhuru afya ya mwili wala uadilifu wa roho zao. Nchi yetu nayo inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomwekea mwajiri wajibu na mfanyakazi wajibu. Mwaka 2022 mataifa yaliyokutana katika Shirika la Kazi Duniani yaliihesabu kazi salama kuwa moja ya haki za msingi za mfanyakazi popote alipo. Shirika hilo linakadiria kwamba kila mwaka watu karibu milioni 3 duniani hufa kwa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Kwa hiyo kofia ngumu, mabuti, glavu na mkanda wa kujifungia ni haki ya mtu anayeupata ugali wake kwa jasho. Tusizigawe kama zawadi kwa wale tunaowapenda tu.

Tabia ya nne ni ya hatari kuliko zote, kwa kuwa huvaa vazi la dini. Nayo ni kumsingizia Mungu. Tunasema, "Ajali haina kinga." Tunasema, "Siku ikifika imefika." Wazee wetu walipotamka maneno hayo walitaka kumfariji mfiwa, asijiumize kwa lawama juu ya jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulizuia. Ni maneno mema yakiwa mahali pake. Lakini sisi tumeyatoa matangani tukayapeleka kazini, tukayafanya mto wa kulalia. Tunayasema kabla ya ajali, ili tusigharimike kununua kamba.

Je, Neno la Mungu linasema nini? Fungueni nyumbani kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari bapa, na watu walipanda juu yake kupumzika na kufanya kazi. Sheria ya Mungu inaagiza kwamba ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mdogo, ili mtu asianguke na mwenye nyumba asiwe na hatia ya damu. Tazameni hekima hii. Mungu hamwambii mwenye nyumba amwachie yeye ulinzi wa wanaopanda darini. Anamwambia ajenge ukuta. Ukuta ule mdogo ni ibada. Ni upendo wa jirani uliofanywa kwa mawe.

Na katika Dominika ya kwanza ya Kwaresima hii tulimsikia Shetani akimshawishi Bwana wetu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu, akimhakikishia kwamba malaika watamdaka. Bwana alikataa, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Mtu anayetundika rozari mbele ya usukani, kisha akaendesha gari lisilo na breki, anafanya kile ambacho Bwana alikikataa. Rozari ni sala, nayo humwombea dereva. Lakini breki hutengenezwa na fundi.

Wapendwa, tusingekuwa wakweli kama tungewaambieni haya kana kwamba sisi wahubiri tuko mbali nayo. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukikamilisha ujenzi wa kanisa katika kigango kimojawapo. Askofu alikuwa aje siku ya Jumamosi kutoa Kipaimara, na ukuta wa mbele ulikuwa haujapigwa lipu. Siku ya Jumanne kijana mmoja fundi alishuka kutoka juu ya jukwaa, akatuonyesha kamba za katani zilizofunga mirunda, akasema kwa adabu, "Baba, kamba hizi zimechoka." Tukamjibu kwamba siku zimebaki chache, kamba zitanunuliwa wiki ijayo. Tukaongeza kwa mzaha kwamba malaika wanaolinda kanisa watamlinda naye. Alicheka kidogo kwa heshima, akapanda.

Alhamisi kamba ilikatika, mrunda ukachomoka, kijana akaanguka na kuvunjika paja. Dominika iliyofuata tuliwatangazia waamini kwamba imetokea ajali ya bahati mbaya, tukaomba wamchangie matibabu. Wakachanga kwa ukarimu. Hakuna aliyetuuliza neno.

Tulipokwenda hospitalini kumjulia hali, tulitazamia ama alaumu ama alie. Hakufanya hivyo. Alituamkia, kisha akauliza, "Baba, kamba zimeshanunuliwa? Mwenzangu atapanda kesho." Tulikosa jibu. Hazikuwa zimenunuliwa. Tulitoka wodini tukaenda moja kwa moja dukani, na tulipolipa tuligundua kwamba bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya mapambo tuliyonunua kwa ajili ya Kipaimara.

Kijana yule alipona, ingawa mguu mmoja ulibaki mfupi na hapandi tena juu. Baadaye tulimwomba msamaha mbele ya wanakigango wote, tukawaambia kwamba lile neno "bahati mbaya" halikuwa la kweli. Tulikuwa tumeoneshwa ufa siku ya Jumanne. Tulikuwa tumepewa Jumatano nzima. Tangu hapo hatuwezi kusoma habari za mnara wa Siloamu bila kuona kamba ya katani.

Ndugu wapenzi, mara nyingi mwanzoni mwa Misa tunaungama kwamba tumekosa si kwa yale tuliyotenda tu, bali pia kwa wajibu tulioacha kuutimiza. Wengi wetu tukifika hapo tunafikiria sala tulizoziacha. Kwaresima hii tuutazame wajibu ule hadi mahali petu pa kazi. Amri ya tano inayokataza kuua haivunjwi kwa panga peke yake. Huweza kuvunjwa kwa kalamu inayosaini ukaguzi usiofanyika, kwa kikombe cha pombe kabla ya kushika usukani, kwa simu mkononi mwa mwendesha mitambo, na kwa "potelea mbali" ya mtu aliyeona nondo imejitokeza njiani akairuka bila kuwaambia wanaomfuata. Tukiungama mambo haya kwa Padre katika Sakramenti ya Kitubio, tutakuwa tumeungama dhambi za kweli. Na tukiyaungama, tukumbuke kwamba malipizi yake mara nyingi yako dukani au karakanani: kununua, kurekebisha, kufunga, kusema.

Kwenu ninyi makatekista tuna ombi la pekee. Mnapowafundisha watoto amri ya tano, msiishie kwenye mifano ya ugomvi na vita. Waambieni pia juu ya ukuta mdogo wa dari. Waulizeni nyumbani kwao kuna kisima kisicho na kifuniko, au waya uliochubuka, au chupa ya soda iliyotiwa dawa ya mimea. Mtoto akirudi nyumbani na kumwomba baba yake afunike kisima, ameielewa amri ya tano kuliko aliyeikariri tu.

Nanyi wanajumuiya ndogo ndogo, mnapokutana wiki hii, kila mmoja ataje ufa mmoja anaoujua mahali pake pa kazi. Msiwataje watu, tajeni ufa. Kisha msaidiane kuona nani ataupeleka kwa mwenye mamlaka. Neno la mtu mmoja hudharauliwa upesi, lakini neno la watu watano walioongozana kwa adabu husikilizwa. Musa naye aliogopa kumwendea Farao peke yake, na Mungu akampa Haruni ndugu yake.

Na kwenu ninyi mliofiwa na mume, mke au mtoto kazini, tunawarudishia neno la Bwana la leo. Mpendwa wenu hakuwa mkosefu kuliko sisi tuliobaki. Pengine aliharakishwa na mwingine, pengine alisema na hakusikilizwa, pengine alikosea kama sote tunavyokosea kila siku bila kuumia. Msikubali mtu yeyote aweke jiwe la hukumu juu ya kaburi lake. Sisi tunamweka mikononi mwa Kristo, aliyekuwa seremala, aliyeifahamu nyundo na kibanzi, aliyekufa mikono yake ikiwa imejeruhiwa kwa misumari.

Wapendwa, kesho ni Jumatatu. Wengi wetu tutaamka mapema kwenda shambani, kiwandani, ziwani, machimboni, barabarani, jikoni. Mtunza shamba ametuombea mwaka mmoja zaidi. Hatujui kama kwetu muda huo ni mwaka kweli, au ni usiku mmoja kama ule wa Savar. Kwa hiyo yule anayejua kamba yake imechoka asingoje wiki ijayo.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyeyaona mateso ya watu wako kule Misri na kukisikia kilio chao, waangalie wote wanaofanya kazi leo. Utuondolee kiburi cha mazoea, tamaa inayotuharakisha, woga unaotufunga midomo, na uvivu unaojificha nyuma ya jina lako takatifu. Uwajalie wenye mamlaka masikio ya kusikia, na wafanyakazi ujasiri wa kusema. Uwapokee katika amani yako wote waliokufa wakiutafuta mkate wao wa kila siku. Na kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu mfanyakazi, uturudishe sote nyumbani salama jioni. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.